Kurekebisha pointi za distributa kwenye Volkswagen Beetle: pengo kwanza, taimingi baadaye

Gari likikohoa asubuhi, likikosa nguvu mlimani, au likizima kwenye foleni na kukataa kuwaka mpaka lipoe, mafundi wengi hukimbilia kabureta. Kwenye Beetle anza na distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vya chuma, yaani pointi, ambavyo hugusana na kuachana mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Vikiachana, koili hutoa moto. Nafasi inayobaki kati yao vikiwa vimefunguka kabisa inatakiwa kuwa milimita 0.40. Ikipungua au ikizidi kidogo tu, injini nzima inabadilika tabia.

Mwongozo huu ni wa Beetle za volti 12, injini ya 1200 hadi 1600, zenye distributa ya Bosch. Ukiwa na gari jingine la zamani, kanuni ni hizihizi lakini namba na mwelekeo ni tofauti. Kwa mfano, kwenye Land Rover Series ya petroli ya lita 2.25, rota, yaani kidole kinachozunguka ndani ya distributa kugawa moto, huzunguka kinyume cha mshale wa saa na silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kwenye Beetle rota hufuata mshale wa saa, na mpangilio ni 1-4-3-2. Ukichanganya hayo mawili utahangaika kutwa nzima.

Kuna watu watakaokwambia utupe pointi uweke kifaa cha elektroniki. Ni uamuzi wako. Lakini Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 kwa pointi kama hizi, na faida yake bado ipo: pointi zikisumbua barabarani, zinatengenezeka hapohapo kwa bisibisi na kipande cha kadi.

Kwa nini 0.40

Pointi zikiwa zimefungika, umeme unapita kwenye koili na koili inajaza nguvu. Zikifunguka, nguvu ile inatoka kama cheche kwenye plagi. Kwa hiyo pengo ndilo linaloamua koili ipate muda gani wa kujaza. Muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa distributa, nao huitwa dweli. Injini ya silinda nne ina digrii 90 kwa kila silinda, na Beetle yenye pointi mpya inataka dweli ya digrii 44 hadi 50. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila cheche ina milisekunde 7.5 tu kwa jumla, na kati ya hizo koili hupata kama milisekunde 4 za kujaza.

Pengo likiwa kubwa, muda huo unapungua. Kwenye mwendo wa taratibu hutaona kitu, ila ukikanyaga mafuta barabara kuu gari linaanza kukosa moto. Pengo likiwa dogo, pointi zinachelewa kuachana na hazitengani vya kutosha, cheche inaruka kati yake badala ya kwenda kwenye plagi, na nyuso zinaungua. Koili nayo inapata joto.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea. Pengo likibadilika, taimingi, yaani wakati moto unapotoka, nayo inabadilika. Ukipanua pengo, pointi zinafunguka mapema, moto unawahi. Ukilipunguza, moto unachelewa. Kwa makadirio, digrii 1 ya dweli huhamisha taimingi kwa digrii 1 ya krenki. Ndiyo maana anayeweka taimingi kwanza halafu akagusa pointi ameharibu kazi yake mwenyewe. Mpangilio hauna mjadala: valvu, pointi, taimingi, kisha kabureta mwisho.

Vifaa

Andaa fila geji (bapa nyembamba za kupimia pengo) yenye bapa la 0.40, na ikiwezekana la 0.35 na 0.45 pia; bisibisi bapa nyembamba; spana namba 13 ya nati inayobana distributa; spana au soketi namba 30 ya boliti ya puli ya krenki; tasta ya taa ya volti 12; kadi nyeupe safi isiyo na nta; spiriti kidogo; grisi; na oili ya injini. Nunua pointi mpya, kondensa na rota kwa kufuata namba iliyochorwa kwenye mwili wa distributa. Ikiishia na 009, hiyo ni distributa isiyo na mpira wa vakyumu, na namba za taimingi zilizo hapa chini zinaihusu moja kwa moja. Usimwambie muuza spea "pointi za Beetle" ukaishia hapo, kwa sababu distributa zilizofungwa kwenye magari haya ni nyingi na pointi zake hazifanani zote.

Kabla ya kugusa pointi

Injini iwe imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Gia iwe nyutro, breki ya mkono imevutwa, ufunguo umetolewa. Kama valvu hazijapimwa siku nyingi, zipime kwanza. Injini nyingi za 1300 hadi 1600 zinataka nafasi ya milimita 0.15 ikiwa baridi.

Kofia ya distributa inashikwa na vibanio viwili vya springi. Vifyatue kwa bisibisi, inua kofia uiweke pembeni bila kuchomoa waya za plagi. Ifute ndani kwa kitambaa kikavu, kisha iangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama uzi unaotoka pini moja kwenda nyingine, moto unapita hapo na kofia hiyo haifai tena. Kale kakaboni ka katikati kanatakiwa kucheza kwa springi kakisukumwa. Magari ya pwani hupata kutu ya kijani kwenye matundu ya waya, ikwangue mpaka shaba ing'ae.

Chomoa rota kwa kuivuta juu. Chini yake utaona pointi.

Kusoma pointi za zamani

Zifungue kwa kidole na uangalie nyuso zake. Rangi ya kijivu hafifu ni afya. Weusi wenye utelezi maana yake ni mafuta: ama grisi iliwekwa nyingi, ama mvuke wa oili unapanda kupitia shafti iliyolika. Ubuluu na kuungua huonyesha kondensa dhaifu, pengo dogo, au swichi iliyoachwa ikiwaka gari likiwa limezimwa.

Ukikuta upande mmoja una kichuguu na mwingine una kishimo, usijisumbue kuweka fila geji hapo. Bapa litakaa juu ya kichuguu na kukupa 0.40 ya uongo wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi. Watu wengi huzisugua kwa msasa. Ukiwa njiani bila spea, sawa, ikufikishe nyumbani. Lakini chembe za msasa hunasa kwenye chuma na kuendelea kuunguza, na uso uliosuguliwa kwa mkono hauwi bapa tena. Badilisha. Pointi huangaliwa kila kilomita 5,000, mapema zaidi kama unaishi kwenye barabara za vumbi, na huwekwa mpya kila kilomita 15,000 hadi 20,000.

Kufunga pointi mpya

Chomoa waya wa pointi. Legeza skrubu moja inayoshika bamba lake. Hapa ndipo mkono unapotakiwa kutulia: skrubu hiyo ikidondoka, hupenya chini ya bamba hadi kwenye vyuma vinavyowahisha moto, na itabidi ung'oe distributa nzima kuitafuta. Paka grisi kidogo kwenye ncha ya bisibisi ili skrubu ishike, au ziba uwazi kwa kitambaa.

Pointi mpya hupakwa mafuta kiwandani zisishike kutu. Mafuta hayo hayapitishi umeme vizuri, na ndiyo sababu kubwa ya gari kukataa kuwaka mara tu baada ya kufungwa pointi mpya. Lowesha kadi kwa spiriti, ipitishe kati ya nyuso, kisha pitisha kadi kavu mpaka itoke nyeupe.

Futa kamu ya katikati, ile yenye nundu nne. Paka grisi ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye kisigino cha fiba cha pointi, upande ambao nundu inaingilia. Bila grisi, kisigino kinalika upesi, pengo linapungua na taimingi inachelewa siku hadi siku bila wewe kujua. Grisi ikizidi inarushwa kwenye pointi. Kama kuna kipande cha felti juu ya shafti, kipe tone moja la oili, si mawili.

Weka pointi, ingiza pini yake ya chini kwenye tundu, rudisha skrubu bila kuikaza, unganisha waya. Hakikisha waya haugusi bamba wala hautaguswa na rota ikizunguka. Waya huo ukigusa chuma, ni sawa na pointi ambazo hazifunguki kamwe.

Kuweka pengo

Zungusha injini kwa spana namba 30 kwenye boliti ya puli, kufuata mshale wa saa ukiwa umeitazama injini kutoka nyuma ya gari. Ukitoa plagi inazunguka kwa wepesi. Simama pale kisigino kinapokaa kwenye kilele cha nundu. Si karibu na kilele. Juu yake hasa. Zungusha mbele na nyuma kidogo huku ukitazama pointi, uone pale zinapoachana zaidi.

Legeza skrubu kiasi cha bamba kusogea kwa shida. Kwenye bamba kuna mkato mdogo unaokabiliana na vijinundu viwili: chomeka bisibisi hapo na uipinde taratibu, bamba litasogea. Ingiza bapa la 0.40 likiwa safi na kavu, likiwa limenyooka sambamba na nyuso. Linatakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo bila kusukuma mkono wa pointi. La 0.35 lipite bila kugusa, la 0.45 ligome. Kaza skrubu, kisha pima tena, maana kukaza husogeza bamba karibu kila mara. Rudia mpaka kipimo kibaki kilekile baada ya kukaza.

Sasa zungusha injini uone nundu nyingine tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.05, shafti ya distributa inacheza au kamu imelika. Shika shafti uitikise kwa pembeni: ukisikia mchezo, bushi zimekwisha, na hakuna pengo litakalodumu humo mpaka distributa itengenezwe au ibadilishwe.

Malizia kwa kupitisha kadi kavu kati ya nyuso, maana fila geji huacha mafuta.

Ukiwa na mita ya dweli, itumie. Inapima injini ikizunguka, kwa hiyo inakuonyesha hali halisi kuliko bapa. Unganisha waya mmoja kwenye ncha namba 1 ya koili, ile yenye waya unaokwenda distributa, na mwingine kwenye bodi. Kwa pointi mpya, lenga 45 au 46 badala ya 50, kwa sababu kisigino kikianza kulika pengo hupungua na dweli hupanda; unajipa nafasi. Kisha ongeza mwendo: dweli ikibadilika kwa zaidi ya digrii 3, lawama irudi kwenye shafti.

Kondensa

Kazi yake ni kumeza umeme unaotaka kuruka pale pointi zinapoachana. Ya Beetle huwa kati ya mikrofaradi 0.18 na 0.26. Ikifa, utaona cheche kubwa ya rangi ya manjano au buluu kati ya pointi, huku plagi zikipata moto dhaifu, na pointi mpya zinaungua ndani ya safari chache. Kondensa nyingine hufa zikipata joto tu: gari linazima, ukisubiri nusu saa linawaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Kama ya zamani inafanya kazi na pointi hazijaungua, usiitupe kwa sababu umenunua seti mpya. Nyingi za siku hizi hazidumu kama zile za zamani. Weka mpya ndani ya gari kama akiba.

Kuweka taimingi kwa taa

Kuna desturi ya kuweka taimingi kwa sikio: unalegeza distributa, unaizungusha mpaka injini ivume vizuri, unakaza. Kwenye gari lenye maji na geji ya joto unaweza kubahatika. Beetle inapozwa kwa upepo, haina geji ya joto la injini, na moto uliowahi mno ndio unaoifanya ivume vizuri zaidi ikiwa imesimama. Baadaye, ukipanda mlima na mzigo, unasikia mlio wa kokoto ndani ya debe. Huo ni mlipuko unaogonga pistoni, na kwenye injini nyingi za kabla ya 1971 silinda namba 3 ndiyo ya kwanza kuteseka, kwa kuwa kipoza oili kimesimama mbele ya upepo wake. Tumia taa.

Tafuta alama ya pistoni kufika juu kabisa kwenye puli ya krenki. Inalinganishwa na mstari ambapo nusu mbili za bloku zinakutana. Puli nyingine zina alama zaidi ya moja, na nyingine zina ya juu kabisa tu. Kama huna ya digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, ichore mwenyewe: pima mzingo wa puli kwa uzi, gawanya kwa 48. Umbali utakaopata, upime kwenda kulia kwa alama ya juu kabisa, uweke alama ya rangi. Papo hapo gawanya mzingo uleule kwa 12, upime tena kulia kuanzia alama ya juu kabisa, uweke rangi nyingine: hiyo ni digrii 30, utaihitaji.

Rudisha rota. Zungusha injini kufuata saa mpaka alama ya 7.5 ikae kwenye mstari wa bloku huku rota ikielekea kwenye mkwaruzo mdogo ulio kwenye ukingo wa distributa. Mkwaruzo huo ni wa silinda namba 1, ile ya kulia iliyo karibu zaidi na kiti. Rota ikielekea upande wa pili, zungusha krenki mara moja kamili. Ukipitiliza alama, rudi nyuma vya kutosha uje tena kwa mbele, ili mchezo wa gia usikudanganye.

Unganisha tasta kati ya ncha namba 1 ya koili na bodi. Legeza nati namba 13 kiasi cha distributa kuzunguka kwa mkono. Washa swichi. Zungusha distributa kufuata saa mpaka taa izime: pointi zimefungika. Halafu irudishe kinyume cha saa polepole sana. Pale taa inapowaka tu, simama. Kaza nati, kisha thibitisha: rudisha krenki nyuma robo, ilete mbele taratibu. Taa iwake alama ikifika kwenye mstari, si kabla wala baada. Zima swichi mara umalizapo. Pointi zikiwa zimefungika na swichi inawaka, koili inaungua bure.

Hiyo 7.5 ni ya 009 na distributa nyingi za Beetle za zamani. Zenye vakyumu, hasa za miaka ya 1970, zina vipimo vyao: ile ya mipira miwili ya vakyumu ya 1971 hadi 1973, kwa mfano, huwekwa digrii 5 baada ya pistoni kupita juu, injini ikiwa inanguruma taratibu na mipira yote imeunganishwa. Fuata namba ya distributa yako.

Kuthibitisha kwa taa ya strobo

Kwa 009, kipimo kinachohesabika zaidi ni cha mwendo wa juu. Funga strobo, taa inayomulika kila cheche inapotoka, kwenye waya wa plagi namba 1, washa injini ipate joto, ongeza mwendo mpaka uone alama imeacha kusogea. Isome hapo: iwe kati ya digrii 28 na 32, yaani alama yako ya 30 ikae kwenye mstari au jirani yake. Isizidi 32. Ikiwa ya mwendo wa juu ni sahihi lakini ya mwendo wa taratibu si 7.5 kamili, acha. Alama ikirukaruka, ni shafti. Ikiwa haisogei kabisa unapoongeza mwendo, vyuma vya ndani vimeganda na vinahitaji kusafishwa.

Anayeishi Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini huvumilia moto uliowahi bila kulalamika. Gari hilohilo likiteremka Mombasa hewa inakuwa nzito na linaanza kugonga. Kwa hiyo weka kwa kipimo hata kama sikio linakwambia kuna nafasi ya kuongeza.

Likigoma kuwaka baada ya kazi

Pointi zikiwa zimegusana, washa swichi, zifungue kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kicheche kidogo kikitokea, umeme unafika. Kisipotokea, pima kwa tasta: kama ncha namba 15 ya koili, inayopokea umeme wa swichi, ina umeme na namba 1 haina hata pointi zikiwa wazi, ama koili imekatika ndani ama waya wa pointi au kondensa umegusa chuma. Chomoa waya unaotoka distributa. Taa ikiwaka kwenye namba 1, kosa liko ndani ya distributa. Kama taa haizimi kamwe hata pointi zikiwa zimefungika, nyuso zina mafuta au bamba halishiki bodi vizuri: rudi kwenye kadi na spiriti.

Kicheche kikiwepo na injini inapiga mabomu kwenye kabureta, waya za plagi zimepishana. Anza na mkwaruzo wa namba 1, fuata saa: 1, 4, 3, 2.

Ukishatembea kilomita 500 na pointi mpya, fungua kofia upime tena. Kisigino kipya hujikalia kwenye kamu na pengo hupungua, lirudishe 0.40, kisha rudia taa ya taimingi.